Mchezo Uliopewa Alama

Ingieni taratibu, wasomaji wangu, na viatu viacheni mlangoni, kwa maana nyumba ninayowapeleka ina sebule ndogo na sakafu yake imejaa nguo zilizoanuliwa sasa hivi. Ni jioni. Vyombo vimeshaoshwa. Mama mwenye nyumba ameketi mkekani, mguu mmoja kaunyoosha, anakunja mashuka. Mchana kutwa hupiga pasi katika duka la dobi, na ungedhani mtu kama huyo akifika kwake hataki kuona hata kitambaa cha jikoni. Lakini nguo za nyumbani, asema, hazimchoshi, kwa sababu hakuna mteja anayezisubiri.

Pembeni yake yuko binti yake mkubwa, ambaye jina lake la nyumbani ni Chiriku, kwa kuwa mdomo wake hupumzika akilala tu. Anayefuata ni mdogo wake, na huyo wamempachika jina la Maswali. Sababu yake mtaijua wenyewe. Kwenye kochi, kikapu cha soksi mapajani, ameketi Babu, baba mzazi wa Mama. Maisha yake yote alikuwa mwokaji mikate, mtu wa mzaha, mtu ambaye wateja walikuja kununua mkate mmoja wakakaa nusu saa. Kisha kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakakwama. Akili yake ilikuwa nzima, alisikia kila kitu na kuelewa kila kitu. Kazi ilikuwa kulitoa neno lenyewe. Jioni alipewa soksi azitafutie pacha, mkono upate zoezi.

Na karibu na mlango, juu ya kiti cha mbao, ameketi baba wa nyumba. Huyu tutamwita Mkaguzi, kama wanavyomwita kazini. Hufanya kazi katika kiwanda cha vigae vya sakafu. Vigae hutoka tanurini na kupita mbele yake, naye hukigonga kila kimoja kwa kinyundo cha mti, sikio limeelekezwa. Kigae kizima hulia. Chenye ufa, hata ule ambao jicho haliuoni, hutoa mlio mfu. Hapo hapo hutamka hukumu: daraja la kwanza, daraja la pili, au kirudi kusagwa. Hakuna mtu pale kiwandani mwenye sikio kama lake.

Jioni hiyo, kama jioni nyingine, familia ilikuwa katika mchezo wake. Mchezo wenyewe haukuhitaji gharama wala maarifa: kila mtu anaongeza sentensi moja katika hadithi, mikono ikiendelea na nguo.

"Kuku akateuliwa kuwa mwalimu mkuu," Chiriku alianza.

"Wa shule gani?" Maswali akauliza.

"Ya sekondari. Usinikatize."

"Siku ya kwanza," akasema Mama, "akawakuta walimu wanakunywa chai, basi akataga juu ya meza ya ofisi, wajue kwamba yeye ni mchapakazi."

"Lile yai wakalifanyaje?" akauliza Maswali, na kwa kawaida ya nyumba ile swali lake lilihesabiwa kuwa sentensi.

Zamu ikawa ya Babu. Hakuna aliyemtazama. Mama aliendelea kulinganisha pembe za shuka, Chiriku akatafuta mkono wa sweta uliogeuka ndani. Kisha kutoka kwenye kochi ikasikika sauti nzito: "Aka… akaanguka."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Wakimtaja rubani, Babu atamwangusha. Bibi harusi, jaji, tembo, wote walianguka. Naye mwenyewe alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, mabega yakimtikisika.

Mkaguzi alitabasamu pale kwenye kiti chake. Hakuwa na zamu. Hakuwahi kuiomba, na hakuna aliyewahi kumpa. Yeye alisikiliza tu.

Msidhani neno lile la Babu lilikuwa jambo dogo. Kule kliniki, mtaalamu wa usemi alimwambia Mama: "Huyu mzee hapa kwangu hunipa neno moja kwa jasho. Mnasema nyumbani anasema bila kuombwa? Basi huko ndiko kwenye dawa. Msiache." Na kweli, neno moja likazaa mengine. Kuna jioni alisema, "Akaanguka na kiti chake," na Mama akaenda jikoni kujifanya anatafuta chumvi, ili afute machozi asionekane.

Hivyo ndivyo walivyokuwa, jamani. Sasa sikilizeni jinsi raha inavyoharibiwa na mtu mwema.

Mchana mmoja kiwandani, wakati wa chakula, mazungumzo yalifika kwenye mambo ya nyumbani. Msimamizi wao alikuwa akieleza jinsi wanawe wawili wanavyopiga gitaa na wa tatu anavyowashinda watu wazima katika sataranji.

"Na wewe, Mkaguzi," akauliza, "kwako jioni mnafanya nini?"

"Tunakunja nguo," akajibu Mkaguzi kwa moyo mweupe. "Tunasimuliana habari za kuku."

"Kuku gani?"

"Mwalimu mkuu."

Meza nzima ililipuka. Mchanganya udongo alipaliwa na maji ya kunywa. "Kumbe ndiyo maana siku hizi vigae vinapita na nyufa zake!" akasema mtu wa tanuri. "Mkaguzi yuko hapa, roho iko kwa kuku!"

"Siku ya familia inakuja," Msimamizi akasema akifuta macho. "Kila nyumba itaonyesha kipaji chake jukwaani. Mlete huyo mwalimu mkuu tumwone."

Mkaguzi alicheka nao, lakini chakula kilimshinda. Mimi simlaumu. Mtu akichekwa yeye mwenyewe huvumilia. Ikichekwa nyumba yake, kitu kinamchoma. Alirudi nyumbani ameshaamua: mchezo ule ulikuwa mzuri, ila haujatengenezwa. Utatengenezwa.

Alianza kwa utani. Chiriku aliposema sentensi ya kuchekesha, akatamka kutoka mlangoni, "Daraja la kwanza!" Wote wakacheka. Mama akasema ya kwake, akaambiwa, "Daraja la pili, pembe moja imepinda." Wakacheka tena. Maswali akauliza swali lake, akaambiwa, "Hiyo irudi kusagwa." Maswali alicheka pia, lakini akamtazama mama yake kwanza.

Jioni zilizofuata utani ukapungua, alama zikabaki. Nguo zikaambiwa zisubiri, kwa kuwa mtu hawezi kutunga huku anatafuta soksi. Viti vikapangwa nusu duara. Kuku akastaafishwa, mahali pake akaingia yatima mwenye bidii, kwa sababu hadithi ya jukwaani lazima iwe na ujumbe. Hata Chiriku, ambaye mwanzoni alifurahia kupewa daraja la kwanza, akaanza kufikiri muda mrefu kabla ya kusema, na mara nyingine akasema, "Nirukeni, bado naitafuta."

Kisha ikafika zamu ya Babu.

"Baba," akasema Mkaguzi kwa upole, maana alimpenda baba mkwe wake, msiwe na shaka juu ya hilo, "habari ya kuanguka leo tuiache kando. Yatima yuko kwenye mtihani, hana pa kuangukia. Tafuta kitu kingine. Taratibu tu, hatuna haraka."

Wote walimgeukia Babu. Mikono yao ilikuwa mitupu, hawakuwa na kingine cha kutazama. Babu alifungua mdomo. Midomo ilitafuta, shingo ikakaza, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Mkaguzi aliinamisha sikio lake, kama alivyozoea kuliinamisha siku zote.

Halikutoka neno.

"Si kitu, Baba. Kesho."

Kesho yake zamu ilipofika, Babu alipunga mkono wa kushoto, kama mtu anayemwambia kondakta aendelee na safari. Keshokutwa akapunga mapema zaidi. Kisha akaomba kwa ishara apelekwe kulala kabla mchezo haujaanza.

Mama alimfuata mumewe jikoni. "Baba Chiriku, ule ulikuwa mchezo."

"Na bado ni mchezo. Nauboresha."

"Umeombwa na nani?"

"Sasa, mama watoto, kitu kikistahili kufanywa, si kifanywe vizuri?"

"Mimi mchana kutwa nanyoosha kola za watu. Ikipinda narudia. Nilikuwa na mahali pamoja tu ambapo ikipinda inabaki imepinda, na hakuna anayesema kitu. Mahali pamoja, Baba Chiriku."

"Siku ya familia ikipita tutapumzika," akasema Mkaguzi. "Na Baba tusimpeleke. Umati utamchosha bure."

Walikwenda bila Babu, naye akaachwa na jirani wa mlango wa pili. Na msidhani waliaibika. Walishinda! Chiriku alisimulia habari za yatima mpaka mpishi wa kantini akalia. Walipewa zawadi ya chupa kubwa ya chai, na Msimamizi akampa Mkaguzi mkono mbele ya wote, akisema, "Nimefuta maneno yangu." Mkaguzi alirudi nyumbani miguu ikielea.

Jirani aliwapokea mlangoni. "Hongereni. Ila huyu mzee wenu, jamani. Nimemuuliza chai au maji, akanionyesha kwa kidole. Nikamuuliza kama yuko salama, akatikisa kichwa. Yule yule aliyekuwa akinitania kwamba nikipita mlangoni nitaanguka! Hajasema hata neno."

"Amechoka tu," akasema Mkaguzi.

Chiriku aliiweka chupa mezani. Maswali hakuuliza lolote. Babu aliitazama ile chupa, akasogeza macho dirishani.

Wiki ile Mama alimwambia mumewe, "Kliniki tunakwenda wote. Na wewe." Mtaalamu wa usemi alikaa na Babu, akamwonyesha picha, akajaribu salamu, akajaribu wimbo wa watoto. Kisha akawageukia.

"Amerudi nyuma," akasema. "Nyumbani mmebadilisha nini?"

Mama alimtazama mumewe. Mumewe alitazama viatu vyake.

"Nilirekebisha kidogo," akasema Mkaguzi.

"Ulirekebisha nini?"

Akaeleza. Alieleza yote, viti, madaraja, yatima, na kadiri alivyoeleza sauti yake ilipungua. Mtaalamu hakumkemea. "Ndugu yangu," akasema, "kwa mzee huyu neno ni kama mtu anayetaka kupita mlango mwembamba. Mkijipanga wote mlangoni kumkagua, hapiti. Rudini mlikokuwa. Siwezi kukuahidi kwamba yaliyopotea yatarudi yote. Lakini akizoea kunyamaza sasa, baadaye itakuwa vigumu sana kumtoa huko."

Hapo Mkaguzi alielewa alichokuwa ameshika mikononi na jinsi alivyokigonga.

Jioni hiyo hiyo alitandaza nguo sakafuni yeye mwenyewe, akampa Babu soksi, akasimama katikati ya sebule. "Leo hakuna madaraja," akatangaza. "Kuku amerudi kazini. Kila mtu awe huru. Tucheke."

"Ni amri?" akauliza Chiriku.

"Si amri. Nasema tu tucheke."

Walijaribu. Hadithi ilichechemea kama meza ya miguu mitatu. Mama alitaja kuku, Chiriku akataja shule, halafu ikafika zamu ya Babu. Babu aliinua mkono wa kushoto, akapunga.

Maswali alimgeukia baba yake. "Baba, kwa nini unatusikiliza?"

"Nisipowasikiliza nitajuaje mnasema nini?"

"Sikiliza, lakini siyo hivyo. Unasikiliza kama unatafuta ufa."

Mama akasema, "Wewe mtoto!" Lakini Mkaguzi alitoka nje, akaketi kwenye ngazi za jengo, akakaa huko mpaka taa za barabarani zikawaka. Sikio hilo lilimpa heshima na mkate wa watoto wake. Hakujua namna ya kulizima. Alijaribu kukumbuka sentensi aliyowahi kuitoa yeye katika mchezo ule, hata moja, akakosa. Miaka yote alikuwa pale mlangoni, akiwasikia wengine wakijitoa wazima wazima, yeye hajawahi kuhatarisha hata neno.

Kesho yake hakutangaza chochote. Nguo zilipoanuliwa, aliacha kiti chake cha mbao, akaketi mkekani kati ya Chiriku na mlango wa jikoni, akachukua suruali akaanza kuikunja vibaya.

"Na mimi nipeni zamu," akasema.

Chiriku alimtazama mama yake. Mama aliinua mabega. "Haya," akasema Chiriku. "Kuku akaenda kununua viatu vya kazini."

"Muuzaji akamwambia," akafuata Mama, "mama, saizi yako imeisha, labda ujaribu vya bata."

"Na bata mwenyewe atavaa nini?" akauliza Maswali.

"Zamu yako, Baba," Chiriku akamwambia Mkaguzi.

Mkaguzi alisafisha koo. "Kuku aka…" Akanyamaza. Alikuwa na sentensi, lakini alipoisikiliza kichwani aliona haina mantiki. Akaiacha. "Kuku, baada ya kutafakari…" Hapana, ya pili ilikuwa nzito. "Subirini. Muuzaji akamwambia kuku… hapana, muuzaji ameshasema." Alihisi macho yote yako kwake. Shingo ikamkaza. Akapangusa paji la uso kwa ile suruali, na kwa mara ya kwanza akajua ladha ya kile alichokuwa akimlisha baba mkwe wake kila jioni. Maneno yalikuwepo. Yalisimama pale pale nyuma ya meno, hakuna lililodiriki kutoka.

"Siwezi," akasema polepole. "Kila nikiipata naiona mbaya."

Chiriku alitaka kumsaidia, akasita. Mama alikunja shuka lililokwisha kukunjwa.

Ndipo kutoka kwenye kochi ikatoka sauti nzito, yenye kutu, yenye hasira kidogo ya mtu aliyechoka kusubiri foleni.

"Sema… sema upuuzi wowote, mkwe!"

Mikono ya Mama ilisimama. Babu hakuwahi, tangu kiharusi, kusema maneno yote hayo kwa mara moja. Lakini Mama alikuwa na busara. Hakugeuka, hakupiga kelele za furaha. Alimkanyaga Chiriku mguu, asipige naye.

Mkaguzi aliikunja ile suruali upya. "Akavaa ndoo," akasema.

"Mbaya," akasema Babu. "Mbaya sana." Akatafuta neno jingine, na safari hii alilitafuta akiwa anachekacheka, bila jasho. "Ende… endelea."

"Akavaa ndoo ya pili," akasema Mkaguzi, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, na Babu alicheka mpaka soksi zikamwagika.

Wasomaji wangu, sitawadanganya kwamba Babu alirudi kuwa yule muuza mikate wa zamani. Maneno mengine hayakurudi, na wiki zile zilizopotea hakuna aliyeweza kuwarudishia. Lakini aliongea. Aliomba chai kwa jina lake. Alimtania jirani. Na kila jioni alimkosoa mkwe wake bila huruma, kwa kuwa Mkaguzi alibaki mtungaji mbovu kuliko wote ndani ya nyumba ile, na akaacha kuona haya.

Funzo

Kuna ugonjwa umeingia majumbani mwetu, nao hauna sura ya ugonjwa. Hauna harufu ya pombe wala kelele za ugomvi. Huja na watu wenye bidii, wanaotutakia mema. Ni ule wa kutokubali kitu chochote kibaki kuwa raha tu. Mtoto akiimba akiwa anaoga, tunamtafutia mwalimu. Mama akipanda ua kwenye kopo, tunamuuliza kwa nini asipande mengi auze. Watu wakicheka pamoja, tunauliza kicheko hicho kinawafikisha wapi.

Mimi nasema kinawafikisha hapo hapo walipo, napo panatosha. Kazini tuwe wakali; kigae chenye ufa kirudi kusagwa, na kola iliyopinda inyooshwe. Lakini nyumbani kila familia iwe na jambo moja jepesi, lisilohitaji kipaji wala vifaa, ambalo mjuzi hapati sifa na asiyejua hapati aibu. Iwe kusimuliana, iwe kukisia ni nani anapanda ngazi kwa kusikia nyayo zake, iwe kukaa dirishani na kuwapa majina paka wa mtaani. Mchague nyinyi. Na mkishachagua, mlilinde dhidi ya mtu yeyote anayetaka kuliboresha, hata kama ni baba wa nyumba, hata kama ni wewe.

Kwa sababu ndani ya nyumba zetu wapo watu ambao sauti zao ni ndogo: mzee anayepona, mtoto mwenye kigugumizi, mama aliyechoka, na mara nyingine mwanamume anayejua kila kitu isipokuwa kukosea. Hawa hawatasema pale wanapopewa alama. Watasema pale ambapo upuuzi wao unapokelewa. Tukiwanyima mahali hapo, watanyamaza kwa adabu, sisi tutadhani wamechoka tu.

Basi leo jioni, kazi zikiisha, keti nao. Usingoje kusikiliza. Anza wewe, na uanze vibaya.